Klabu ya Kalingi Isiyowahi Kushindwa

Jina la nchi hii msiniulize. Lilikuwa likibadilishwa kila Mtukufu alipoongeza mwaka wa umri, na nikilitaja leo, kesho mtaniita mwongo. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya joto kali, ya mchanga mwingi, isiyopakana na bahari yoyote, na kwamba ndani yake kulikuwa na klabu ya mchezo wa barafu ambayo haikuwahi kushindwa hata siku moja.

Mfagiaji mkuu wa klabu hiyo alikuwa Bi Sikudhani wa kata ya Kichangani, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana na ulimi usiojua likizo. Mtashangaa klabu ya michezo inataka mfagiaji wa nini. Mtaelewa, lakini kwanza niwaambie habari za barabara.

Barabara kuu ya nchi ile ilipita katikati ya mchanga mlaini kama unga wa muhogo. Ramani zilionyesha kwamba chini ya mchanga huo kulikuwa na lami, na wananchi waliziamini ramani. Kwa hiyo kila Mtukufu alipotaka kusafiri, wanawake wa kila kata walitoka na fagio za chelewa, wakajipanga mistari miwili, wakafagia mbele ya magari yake mpaka mpakani mwa kata, wakapokewa na wenzao. Gari la Mtukufu halikuwahi kukwama. Yeye mwenyewe alikuwa hajui kwamba nchi yake ina mchanga.

Mwananchi wa kawaida akisafiri hakufagiliwa. Hilo Bi Sikudhani alilijua kuliko mtu yeyote. Miaka minne kabla klabu haijaanzishwa, binti yake mkubwa, Mwanahawa, alishikwa na uchungu wa kuzaa siku ya Jumanne asubuhi, mtoto akakaa vibaya. Wanaume wanane walimbeba juu ya kitanda cha kamba kumpeleka hospitali ya wilaya. Mchanga uliwafika magotini. Bi Sikudhani alitangulia mbele ya kitanda na ufagio wake mmoja, akafagia peke yake, saa sita mfululizo, huku akimwambia mwanawe avumilie kidogo tu, kidogo tu. Walipofika palipoonekana lami, Mwanahawa alikuwa ameshafariki, na mtoto naye. Tangu siku ile mkono wa Bi Sikudhani haukuwa na mpinzani katika kufagia, na moyo wake haukupona.

Msije mkadhani Kichangani hawakuwa na zahanati. Walikuwa nayo, ila ilikuwa bado jiwe. Mtukufu mwenyewe aliliweka jiwe la msingi miaka kumi na tisa iliyopita, jiwe la matale meusi yaliyong'arishwa, lenye maandishi ya dhahabu: ZAHANATI YA WAZAZI, KICHANGANI. Kisha akapigiwa makofi, akaondoka. Serikali, ambayo haifanyi mambo nusunusu, ilimleta na mkunga. Huyu aliitwa Mkunga Tausi, na kwa miaka kumi na tisa aliripoti kazini kila siku saa moja na nusu, akatia sahihi kwenye daftari la mahudhurio juu ya lile jiwe, akafungua mwavuli, akakaa. Pembeni yake palikuwa na sanduku la vifaa vya kuzalishia lililofungwa kwa lakiri ya wizara. Kanuni ilisema lakiri isivunjwe mpaka mlango wa zahanati ufunguliwe, na mlango haukuwapo. Siku ya Mwanahawa, Mkunga Tausi alilia pamoja na sanduku lake. Kulifungua hakuthubutu.

Sasa turudi kwenye michezo.

Mtukufu alikuwa ziarani katika nchi moja ya baridi alipoona kwenye televisheni ya hoteli kitu kilichomtoa machozi. Jiwe kubwa, zito, la duara, lilikuwa likiteleza polepole juu ya barafu, halina haraka na mtu, na mbele yake watu wazima walikuwa wakikimbia na fagio, wakilifagilia njia kwa jasho. Wenyeji wake walimweleza kwamba mchezo unaitwa kalingi. Jiwe husukumwa mara moja tu, likaachiwa. Wafagiaji ndio hulifikisha mbali, kwa kuwa barafu ikisuguliwa huwa na utelezi zaidi. Lengo ni lisimame katikati ya miduara iliyochorwa kule mwisho, ambayo wachezaji huiita nyumba. Mtukufu alisikia maneno machache tu katika hayo yote.

"Kumbe na huku wananijua," alisema.

Aliporudi, klabu ilianzishwa kabla ya chakula cha mchana. Katibu wake akateuliwa Bwana Malingumu, mtu mwembamba aliyekuwa hajawahi kugusa barafu isipokuwa ndani ya glasi. Siku ya uzinduzi alihutubia taifa kwa saa mbili.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Wenzetu wa nchi za baridi wana barafu kwa bahati tu. Sisi tutakuwa nayo kwa juhudi! Barafu yao inaanguka yenyewe, haina itikadi. Ya kwetu itakuwa barafu yenye msimamo!"

Ghala la pamba la makao makuu likasafishwa, na barafu yote ya kiwanda cha samaki ikamwagwa humo na kusawazishwa. Ilikuwa na magamba ya perege huku na huku, na harufu yake ilikutana na mgeni akiwa bado nje. Umeme wa kuigandisha ulipatikana kwa kuzima majokofu ya nchi nzima kila siku ya mechi. Watu walikunywa soda ya moto kwa miaka tisa wakiambiwa huo ndio uzalendo, na baadhi yao walianza kuipenda.

Likabaki suala la mawe. Mchezo unataka matale, na matale ya kuagiza yangechelewa. Hapo ndipo Bwana Malingumu alipoonyesha kwa nini aliteuliwa. Alikumbuka kwamba nchi ilikuwa na matale tele, yamelala tu, mengine yameota majani: mawe ya msingi. Mtukufu alikuwa ameweka sitini na matatu. Yote yakang'olewa, yakachongwa duara, yakachomelewa vishikio vya birika, maandishi yakabakizwa juu. Mkunga Tausi aliendelea kuripoti kila asubuhi, akawa anatia sahihi juu ya shimo.

Ripoti za ufundi za klabu zinapendeza kusoma. Hospitali ya Rufaa lilikuwa jiwe zito, lilichelewa sana kufika. Daraja la Urafiki lilipinda kushoto kila likisukumwa. Chuo Kikuu kilipasuka kwenye mazoezi, lakini Katibu akaandika kwamba sasa nchi ina vyuo viwili.

Wafagiaji waliletwa kutoka Kichangani, kwa sababu hakuna kata iliyokuwa na mchanga mbaya kama wao, na kwa hiyo hakuna iliyokuwa na mikono kama yao. Bi Sikudhani akachaguliwa nahodha bila kuulizwa. Alikubali kwa sababu moja tu. Siku ya kwanza ghalani aliliona jiwe la zahanati kwenye rafu, kati ya Kiwanda cha Viberiti na Soko la Kisasa, akajua likipotea hapo hakuna atakayelitafuta. Kila jioni baada ya mazoezi alilifuta vumbi kwa upindo wa kanga yake.

Ushindi ulianza mara moja. Mechi ya kwanza klabu ilicheza na yenyewe, ikashinda. Mashindano ya pili walialikwa majirani, ambao walizuiwa mpakani kwa kukosa fomu ya kuingilia, fomu inayotolewa ndani ya nchi tu, ikawa ushindi wa mezani. Mwaka wa tatu, ili kuondoa manung'uniko, iliundwa kwa amri maalumu Timu ya Taifa ya Kushindwa, wachezaji wanane wenye nidhamu, sare zao za kijivu. Walifanya kazi yao vizuri mno. Mmoja wao tu, siku moja, alijisahau akafunga. Alihamishiwa kwenye mnara wa kuongozea meli, na kwa kuwa nchi haina bahari, bado anautafuta. Kufikia mwaka wa tisa klabu ilikuwa na vikombe arobaini na kimoja, na ramani ya dunia iliyobandikwa ofisini kwa Katibu ilikuwa na nchi moja tu iliyopakwa rangi.

Mwaka wa kumi wafadhili wa nje wakaanza utovu wa adabu. Waliuliza kama wanaweza kuonyeshwa jengo. Si mengi, walisema, jengo moja tu, na walileta saruji na matofali na mabati yao wenyewe, malori sita, wakayaegesha nje ya ghala la kalingi ili kusiwe na kisingizio. Mtukufu alikasirika kwa siku mbili, kisha akapata wazo ambalo magazeti yaliliita la karne. Mawe yote sitini na mawili yaliyosalia yangechezwa hadharani siku ya kuadhimisha miaka kumi ya klabu. Jiwe litakalokaa katikati ya nyumba, mradi wake ndio utakaojengwa.

Habari zilifika Kichangani kabla ya mchana. Mashavu, binti mdogo wa Bi Sikudhani na sasa wa pekee, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alimkuta mama yake kaketi kizingitini anafunga ufagio mpya, anakaza kamba kwa meno.

"Mama, wanasema na Mtukufu atacheza."

"Atacheza wa mwisho."

"Na jiwe gani?"

"Sanamu yake. Ile ya kukaa, ya kule kijijini kwao." Bi Sikudhani aliitema kamba. "Ya kusimama alishaiwekea jiwe. Sasa kachoka, anataka kukaa."

Mashavu alicheka, kisha akaacha. "Sasa si atashinda tu, mama. Nyie ndio mnaomfagilia."

Bi Sikudhani aliuweka ufagio chini. Alilitazama tumbo la mwanawe, akaogopa waziwazi, kama alivyoogopa siku ya kitanda cha kamba.

Siku ikafika. Majokofu yakazimwa, ghala likajaa mawaziri waliovaa makoti yenye manyoya, jasho likiwatiririka, maana nje jua lilikuwa limepiga kambi. Kila jiwe lilisukumwa na mtu wa mradi wake, na yote yalifagiliwa na wanawake wanne wa Kichangani. Daraja la Urafiki likaenda kushoto. Hospitali ya Rufaa ikaishia njiani kama kawaida yake. Soko la Kisasa likamgonga Waziri wa Barafu mguuni, akashukuru.

Jiwe la zahanati lilisukumwa na Mkunga Tausi, akiwa ndiye mtumishi pekee wa zahanati. Aliliachia, likatoka bila nguvu. Bi Sikudhani akainama. Alifagia kama siku ile, kwa mabega, kwa kiuno, kwa pumzi yote, na wenzake watatu walimfuata bila kuulizana. Jiwe likapita mstari, likaingia mduara wa nje, likaingia wa ndani, likasimama katikati kabisa. Mkunga Tausi akapiga kigelegele kimoja, akajifunika mdomo kwa mkono.

Likabaki la Mtukufu.

Alishuka barafuni akiwa ameshikwa mikono huku na huku, akaligusa jiwe la Sanamu, akalisukuma. Mkono wake ulikuwa umezoea kupunga tu. Jiwe likaanza safari taratibu, kubwa kuliko yote, limeelekea lile la zahanati moja kwa moja. Bi Sikudhani aliona kwa jicho la kazi kwamba likifagiliwa sawasawa litafika, na likifika litalitoa la zahanati nje ya nyumba. Likiachiwa lenyewe, halifiki popote.

Alifikiria jela. Akamfikiria Mashavu juu ya kitanda cha kamba. Kisha akanyanyua ufagio wake juu, akauweka begani, akasimama wima kando ya njia.

Wenzake wakamtazama. Mmoja baada ya mwingine, nao wakanyanyua.

Jiwe la Mtukufu lilikwenda hatua tano, hatua saba, likapunguza mwendo, likasimama katikati ya uwanja peke yake. Ghala zima lilisikia barafu ikidondoka matone. Mtangazaji wa redio ya taifa, ambaye alikuwa na watoto wa kulisha, alisema kwenye kipaza sauti: "Na sasa, wasikilizaji, jiwe la Mtukufu linaendelea kwa kasi ya utulivu..." Liliendelea kwa utulivu huo dakika nne.

Bwana Malingumu ndiye aliyeliokoa taifa.

"Leteni rangi!" alipiga kelele. "Nani alichora nyumba kule? Uzembe gani huu? Nyumba ya nchi hii iko pale alipofika Mtukufu!"

Wakaleta rangi, wakachora miduara mipya kuzunguka jiwe la Sanamu. Walipopima, likaonekana liko katikati kabisa, bila kupungua wala kuzidi. Makofi yalipigwa dakika ishirini. Kikombe cha arobaini na mbili.

Wanawake wale wanne walingoja kukamatwa, hawakukamatwa. Mkuu wa usalama alilifikiria jambo lile mpaka kichwa kikamuuma. Kuwashtaki kwa kutofagia kungekuwa kusema jiwe halikufika, na jiwe lilikuwa limefika. Ikabidi wavishwe nishani. Kisha, kwa kuwa kanuni ilitaka mawe yaliyoshindwa yarudishwe mashimoni kwao, Bi Sikudhani akakabidhiwa jiwe la zahanati, akapakizwa nalo kwenye gari la mbele la msafara. Malori sita ya saruji na matofali yakafuata nyuma ya Mtukufu kwenda kijijini kwake kujenga sanamu. Njia ilipita Kichangani.

Kata zote za njiani zilifagia. Msafara ulipoingia Kichangani, saa nane mchana, wanawake walikuwa wamejipanga mistari miwili, Mashavu akiwa mwisho ameshika tumbo. Bi Sikudhani aliteremka na jiwe lake na nishani yake.

"Shoga zangu," alisema, si kwa sauti kubwa, "leo tupumzike."

Fagio zikawekwa begani. Gari la mbele likazama mpaka ekseli, la Mtukufu likazama, malori yakazama kuliko yote. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi Mtukufu alishusha kioo cha gari, akauona mchanga.

"Hii nini?" aliuliza. Hakuna aliyekuwa na cheo cha kumjibu.

Bwana Malingumu alikuja mbio, viatu mkononi. "Bi Sikudhani! Fagieni!"

"Tumechoka, Katibu. Ushindi umetuchosha."

"Mama yangu, nakuomba! Mtukufu hawezi kukwama!"

"Kwani kakwama?" alisema Bi Sikudhani. "Mimi naona ameamua kupumzika kwetu."

Katibu alimtazama, akayatazama magari, akatazama saa. Hakuwa mjinga, alikuwa mwoga tu. "Unataka nini?" alinong'ona.

"Malori ni mazito. Hata tukifagia hayatoki. Punguzeni mzigo."

"Tuuweke wapi?"

Bi Sikudhani akanyoosha kidole kwenye kiwanja chenye majani, ambako Mkunga Tausi, aliyeteremka kutoka gari la wageni na kukumbuka kwamba muda wa kazi haujaisha, alikuwa ameshafungua mwavuli wake kando ya shimo. "Pale," alisema. "Pana nafasi tangu miaka kumi na tisa iliyopita."

Askari wa msafara walishusha matofali, wakashusha saruji, wakashusha mabati na mbao mpaka bamba la mwisho. Hapo wanawake wakainama wakafagia kwa heshima zote, na magari mepesi yakaondoka kama mchezo. Mtukufu alifika kijijini kwake, akaweka jiwe la Sanamu ya Kukaa, akapigiwa makofi, akaondoka. Kwa mazoea yake hakuona kilichopungua. Na saruji ile hakuna aliyeifuata Kichangani, maana angeanzaje kueleza ilishushwa kwa sababu gani? Mtukufu hakuwahi kukwama. Historia ya klabu, toleo la tatu, haina ukurasa huo.

Kichangani walijenga wenyewe. Miezi minne mapigano yalikuwa kati yao na jua. Jiwe la matale hawakulifukia kwenye msingi, walilifanya kizingiti, ili kila anayeingia alikanyage. Mlango ulitiwa siku ya Ijumaa. Mkunga Tausi aliufungua, akaufunga, akaufungua tena kwa kuhakikisha, kisha akavunja lakiri ya sanduku lake kwa jiwe la kusagia, analia na kucheka.

Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, Mashavu alishikwa na uchungu. Kutoka nyumbani kwao mpaka zahanati ni hatua mia moja na ishirini, na upepo ulikuwa umejaza mchanga usiku kucha. Bi Sikudhani alichukua ufagio akatoka. Kabla hajamaliza hatua kumi za kwanza, alisikia fagio nyingine nyuma yake, kisha nyingine, mpaka njia nzima ikajaa wanawake walioinama mistari miwili, na Mashavu akapita katikati yao akitembea kwa miguu yake mwenyewe, ameshikwa mkono na mumewe.

Bwana Malingumu alikuwa akipita na baiskeli, anakusanya habari za toleo la nne. Alipoona fagio zile alishtuka, akaruka chini, akaanza kufunga vifungo vya shati.

"Mbona sikuarifiwa?" aliuliza. "Mgeni rasmi nani?"

Bi Sikudhani hakuinua kichwa.

"Hatumjui bado," alisema. "Sogeza baiskeli."